Maswali ya Wasomaji: Kichujio Gani kwa Maji ya Maua ya Ndani?

Barua za safari hii zinafanana: majani yanaungua ncha, maji yanashukiwa, na dukani kuna vichujio vya kila bei. Tumechagua sita. Anayetaka kutajiwa kichujio kimoja kinachofaa kila nyumba atusamehe, kwa sababu maji ya Kigamboni si maji ya Arusha.

Nina vyungu kama thelathini sebuleni na kibarazani. Maji yetu ni ya kisima cha kuchimba, yana chumvi kwa mbali. Ncha za majani zinaungua na juu ya udongo kumeota ukoko mweupe. Kalamu ya TDS, ile inayopima chumvi zilizoyeyuka kwa miligramu kwa lita, inasoma 1,400. Dukani nimeonyeshwa chujio la mkaa la kufunga kwenye bomba, ndoo yenye mishumaa ya kauri, na mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupitia utando, ambayo bei yake inatisha. Nichukue lipi?
*Mama wa maua, Kigamboni*

Mama, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umepima kabla ya kununua. Kwa namba hiyo, la mkaa na la kauri yaache palepale dukani.

Fikiria chujio la chai. Majani yanabaki juu, sukari inapita. Kauri inazuia tope na vijidudu, yaani vitu vinavyoelea. Mkaa unashika klorini, harufu na baadhi ya kemikali. Chumvi ya kisima chako imeyeyuka kama ile sukari, na vyote viwili vinaipitisha. Muuzaji akibisha, mwombe apitishe glasi moja ya maji yako mbele yako, kisha uchovye kalamu. Itasoma 1,400 ileile, labda pungufu kidogo tu.

RO inaitoa kweli. Utando wake ukiwa mzima unazuia zaidi ya asilimia 90 ya chumvi, hivyo 1,400 yako inaweza kushuka hadi kati ya 70 na 140. Ila kuna mambo mawili ambayo wauzaji huyapitia haraka.

La kwanza ni presha. Kila mita moja ya kimo cha tangi inakupa bar 0.1. Tangi lililo mita sita juu ya bomba linatoa bar 0.6, na mashine hizi hutaka bar 3 hadi 4. Zaidi ya hapo, chumvi yenyewe inayasukuma maji yarudi nyuma, na kwa maji ya 1,400 nguvu hiyo inafika takriban bar 1. Kwa hiyo ukiifunga mashine kwenye tangi la juu bila pampu ya kuongeza presha, hutapata maji machache, hutapata kitu. Watu wengi wamerudisha mashine nzima kwa madai kwamba ni mbovu, kumbe kilichokosekana ni pampu.

La pili ni maji yanayotupwa. Kwa lita moja safi, mashine ndogo humwaga lita tatu au nne, na hayo yanayomwagwa yana chumvi kuliko yalivyoingia: kwako yatafika kati ya 1,700 na 1,850. Yanafaa kusafishia choo na kupigia deki. Usiyapeleke kwenye bustani ukidhani umeokoa kitu.

Ukiamua kununua, dai mpangilio huu: chujio la kuzuia mchanga, la maikroni 5, kisha mkaa, kisha utando, na koki ya kuzima yenyewe tangi linapojaa. Mkaa unakaa kabla ya utando kwa sababu klorini inautoboa utando. Kisima chako hakina klorini, lakini siku utakayoletewa maji ya boza ya mtandao wa mji, itakuwemo. Chujio la mchanga libadilishwe kila miezi sita, au mapema likigeuka rangi ya chai. Maji ya saa ya kwanza ya utando mpya yamwagwe. Kila mwezi pima yanayoingia na yanayotoka: yanayotoka yakivuka asilimia 15 ya yanayoingia, utando umekwisha.

Sasa ushauri wetu hasa. Kwa vyungu thelathini tusingenunua mashine. Chungu cha upana wa sentimita 25 kilichopo ndani hunywa takriban lita moja kwa wiki, kwa hiyo unahitaji lita 30 hadi 35 tu. Mvua inakutosha. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Kipande cha paa cha mita 20 za mraba, mvua ya milimita 10, ni lita 200. Toa zinazopotea, ubaki na 160. Mvua nne nzuri za masika zinajaza tangi la lita 500.

Tena huna haja ya kutumia mvua tupu. Maji ya mvua husoma karibu 20. Changanya lita 8 za mvua na lita 2 za kisima:

(8 × 20 + 2 × 1,400) ÷ 10 = 296

Chini ya 300 maua mengi ya ndani yanaishi vizuri, na zile lita 2 za kisima zinaongeza kalsiamu ambayo mvua haina. Kwa kipimo hicho unatumia lita 28 za mvua kwa wiki, na tangi la 500 linakuvusha kutoka Juni mpaka vuli. Orkidi na kalathea peke yao wape mvua bila kuchanganya.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiiingize tangini. Kwa paa lako mwaga dumu moja la lita 20 kila mvua inapoanza, kwa sababu pwani upepo unapaka bati chumvi ya bahari, mbali na vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tangi uwekwe wavu wa mbu wenye matundu madogo. Mbu wa dengue anapenda maji safi yaliyotulia.

Vyungu vilivyokwisha kuharibika navyo vina kazi yake. Kwangua ukoko mweupe pamoja na sentimita moja ya udongo wa juu. Kisha pitisha maji ya mvua mara mbili ya ujazo wa chungu: chungu cha lita 5, lita 10. Yapitishe polepole kwa awamu tatu, ukipumzika nusu saa kati ya awamu ili chumvi iliyoganda ipate kuyeyuka. Maji ya kwenye kisahani yamwagwe, la sivyo udongo utayanywa tena pamoja na chumvi yake. Usiweke mbolea kwa wiki tatu.

Nipo Arusha. Masale yangu ya ndani na ile mimea ya majani membamba yenye mistari yote inakauka ncha, ingawa maji yetu ni safi na TDS inasoma 380 tu. Nimefunga kichujio cha mkaa, miezi minne, hakuna mabadiliko.
*B.M., Arusha*

Ndugu B.M., kalamu yako haijakosea, ila imeulizwa swali lisilo lake. TDS inahesabu jumla ya chumvi zote bila kujua ni zipi. Ukiwa na miligramu 3 za floraidi kwa lita ndani ya 380, hutaziona, na kwa masale hizo 3 zinatosha kuharibu.

Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkeno na kutoka na floraidi nyingi; Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita kwa kunywa. Masale na ndugu zake wengi wa jamii ya drasena, pamoja na huo mmea wako wa mistari, ndio wanaoumizwa upesi. Floraidi inapanda na maji hadi ncha ya jani, maji yanatoka kama mvuke, yenyewe inabaki na kujilimbikiza hapo. Ndiyo maana inaanza nchani na si katikati. Ikiwa ni chumvi ya kawaida, utaona pembe zote za jani zimeungua na ukoko juu ya udongo. Ikiwa ni floraidi, udongo unaonekana safi, ncha ina kahawia iliyokauka na mbele yake mstari mwembamba wa njano.

Mkaa wa kawaida haushiki floraidi. Unaoishika ni mkaa wa mifupa, ule ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa ajili ya maji ya kunywa. Kasoro yake ni kwamba hauonyeshi dalili unapojaa: maji yanatoka meupe vilevile huku floraidi ikipita. Kama nyumbani tayari mna kichujio cha mifupa cha maji ya kunywa, chota humo kwa ajili ya masale. Usikinunue kwa sababu ya vyungu vinne; mvua itafanya kazi hiyo bure. RO nayo inaitoa floraidi kwa sehemu kubwa.

Upande wa udongo mara nyingi unasaidia kuliko kichujio. Floraidi inaingia mmeani kwa urahisi udongo ukiwa mchachu. Pandisha pH (kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu unapungua) hadi kati ya 6 na 6.5: kwa mchanganyiko wenye nyuzi nyingi za nazi, gramu 30 za chokaa ya kilimo kwa ndoo ya lita 10 zinatosha kuanzia. Ondoa perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi, kwa sababu zina floraidi yake. Acha pia mbolea ya TSP na unga wa mwamba wa fosfeti kwenye vyungu hivi, kwani fosfeti huchimbwa ikiwa na floraidi ndani.

Ncha iliyokufa haifufuki. Ikate kwa mkasi kwa umbo la jani, ukiacha uzi mwembamba wa kahawia. Ukikata kwenye kijani, jani linaungua tena kuanzia hapo.

Je, nikichemsha maji ya bomba na kuyapoza, hayafai kuliko kununua kichujio?
*Msomaji, Morogoro*

Yanafaa kwa klorini tu, na klorini ya bomba ni kidogo mno kuua ua. Ikikusumbua, jaza ndoo, iache wazi usiku mzima, imekwisha. Hakuna gesi ya kupoteza. Kuchemsha pia kunaangusha sehemu ya chokaa, ule ukoko wa ndani ya birika. Lakini chumvi na floraidi haziruki na mvuke. Ukichemsha lita 2 zikabaki lita 1.5, floraidi iliyokuwa miligramu 2 kwa lita sasa ni 2.7. Umeyafanya maji kuwa makali zaidi kwa gharama ya gesi.

AC yetu inadondosha maji ndoo nzima kwa siku. Jirani anasema ni sawa na maji ya betri na niyatumie kwa maua. Mke wangu anasema ni sumu.
*Baba Salma, Mombasa*

Mzee, jirani yuko karibu zaidi na ukweli, ila shemeji yetu naye hajakosea kabisa. Ni mvuke wa hewa uliogeuzwa maji na bomba baridi, na kwa unyevu wa Mombasa ndoo ya lita 10 kwa siku si ajabu. Kalamu ya TDS kwa kawaida haifiki 50. Kangaga, orkidi na kalathea wanayapenda.

Tahadhari zake: AC ikisafishwa kwa dawa, mwaga maji ya siku tatu zinazofuata. Mpira wa kutolea maji ukiota utelezi, uoshe kwa maji ya moto, vinginevyo unapeleka ukungu kwenye vyungu. Yaache yafikie joto la chumba, kwani yanatoka baridi. Na yasimwagiliwe mboga, kwa sababu yamepita juu ya shaba na alumini iliyojaa vumbi. Kila mwagilio wa tatu tumia maji ya bomba, ili mmea upate kalsiamu.

Kuhusu maji ya betri ya dukani: yaliyosafishwa ni sawa, lakini rafu ileile huwa na chupa za asidi ya betri zinazofanana nayo. Soma lebo mara mbili. Ua lililomwagiwa asidi halina tiba.

Ninalima letusi na terere kwenye mabomba ya plastiki, balconi ya ghorofa ya tano. Maji ya borehole ya ploti: EC (kipimo cha chumvi kwa njia ya umeme) 0.9, pH 8.3. Naishusha hadi 6 kwa maji ya ndimu, baada ya siku mbili iko 7.5 tena. Majani mapya yana rangi ya njano, mishipa ikibaki kijani. Ninunue RO?
*Mkulima wa balconi, Nairobi*

Bado usinunue. Una matatizo mawili yaliyofungwa pamoja, na la kwanza ni ndimu.

Asidi ya ndimu ni chakula cha bakteria. Wanaila kwa siku mbili tatu, pH inarudi, wewe unaongeza ndimu, nao wanaongezeka hadi mizizi inateleza. Tumia asidi ya fosforiki (phosphoric acid). Ile ya asilimia 85 ipunguzwe kwanza: mililita 10 ndani ya lita 1 ya maji, asidi ikiingia majini, kamwe si maji kwenye asidi, ukiwa na glavu na miwani. Halafu tia mililita 20 za mchanganyiko huo kwenye lita 20, koroga, subiri dakika kumi, pima, rudia mpaka ufike 5.8. Usishangae ikichukua mizunguko kadhaa.

La pili ni baikaboneti, ndiyo inayoivuta pH juu. Maji ya visima vya Nairobi mara nyingi yamejaa sodiamu na baikaboneti, na hata floraidi. Nunua kipimo cha matone cha KH, yaani cha baikaboneti, kwenye duka la samaki wa mapambo. Kwenye vipimo vingi tone moja ni digrii moja, karibu miligramu 18 kwa lita zikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Ukipata matone 11, una takriban 200. Kwa letusi tunataka matone 2 au 3. Asidi inaiondoa baikaboneti, lakini sodiamu inabaki palepale, na kwenye mfumo unaozungusha maji inazidi kila wiki.

Kwa hiyo kabla ya RO, tafuta maji ya kaunti. Maji ya Ndakaini, bwawa linaloipa Nairobi maji, ni laini sana. Tuseme yanasoma EC 0.1: chukua lita 14 za kaunti na 6 za borehole, utapata 0.34, na baikaboneti inashuka kwa kiasi kama hicho. Letusi inataka jumla ya EC 1.2 hadi 1.8, hivyo sasa mbolea ina nafasi, kwa 0.9 nusu ya nafasi ilikwisha kuliwa na sodiamu. Pima kila unapojaza, kwani ploti nyingi huchanganya maji ya kaunti na borehole kwenye tangi moja, na namba ya Jumatatu si ya Alhamisi.

Kama mbolea yako haina kalsiamu na magnesiamu, kwa lita 20 ongeza gramu 10 za nitrati ya kalsiamu na gramu 5 za chumvi ya Epsom. Kila moja iyeyushwe kwenye chombo chake na maji mengi. Ukizikutanisha zikiwa nzito unapata uji mweupe, nayo ni jasi: kalsiamu imepotea.

Njano ya majani mapya ni chuma kilichokwama, si kilichokosekana. Chuma cha EDTA, yaani chuma cha mbolea kilichoshikwa na kemikali ili kibaki kimeyeyuka, kinaanza kuachia pH ikivuka 6.5. Ukishusha pH tu, majani yatakayotoka baada ya wiki moja au zaidi yatakuwa ya kijani. Haya ya sasa huenda yasirudi.

Fundi anataka kutufungia mashine ya kulainisha maji nyumba nzima. Maua ya ndani yananyauka kila kiangazi. Itasaidia?
*Bibi Z., Maskati*

Bibi, kwa maua mashine hiyo itadhuru. Inabadilisha kalsiamu na magnesiamu kwa sodiamu: sabuni inatoa povu zuri, mizizi inapata chumvi. Mkifunga, mwambie fundi aache bomba moja la jikoni nje yake.

Tena maji yenu ya mji mengi yametolewa chumvi ya bahari tayari, kwa hiyo huenda hakuna cha kulainisha, pima kwanza. Kilichobaki na kupenya huko ni boroni, ambayo mitambo ya utando huizuia kwa shida kuliko chumvi nyingine, lakini dalili yake ni madoa ya kahawia pembeni mwa majani makongwe, si kunyauka.

Kunyauka kwa Juni hadi Agosti tunashuku joto. Tangi lililo juu ya paa kwenye jua la Maskati linaleta bombani maji ya zaidi ya digrii 40, na mizizi kwenye chungu inapikwa. Chovya kipimajoto ndooni saa nane mchana uone. Dawa yake ni madumu mawili ndani ya nyumba: jaza moja usiku, mwagilia kesho yake asubuhi, huku la pili likipoa. Maji yawe kati ya digrii 20 na 28 kabla ya kugusa udongo.